Lile jumba jekundu lenye mnara pale Waxahachie ni la nini hasa?

Swali limetoka kwa kaka mmoja dereva wa lori, anaishi Fort Worth, Texas, na anapiga sana barabara ya 287, mara Amarillo juu huko, mara Corsicana chini. Anasema kila akipita mji mdogo anaona jumba la mawe lina mnara na saa, liko katikati kabisa, maduka yamelizunguka pande zote nne. Lililomshtua zaidi ni la Waxahachie, na pale Decatur kuna jingine utadhani ni pacha wake. Mwanzo alidhani ni kanisa Katoliki, jamaa yake wa Tanga akamwambia hilo ni boma tu kama maboma ya Mjerumani, halafu mama mmoja wa petroli stesheni akamwambia zile sura mbaya zilizochongwa kwenye nguzo ni za msichana aliyemkataa fundi. Anauliza ni kweli? Na kwa nini mji wa watu wachache hivyo ujenge kitu kikubwa vile? Na je, anaweza kuingia ama atakamatwa?

Kaka, hutakamatwa, tuanzie hapo ili moyo utulie, mambo ya kuingia nitakuja nayo mwishoni. Kazi yangu ni majengo ya zamani ya mawe kwa hiyo nitaenda kwa urefu kidogo, univumilie.

Hiyo ni mahakama ya kaunti. Ya Waxahachie ni ya Ellis County, imejengwa 1895 mpaka 1897, na ya Decatur ni ya Wise County, imeanza kutumika miaka hiyohiyo. Macho yako hayajakudanganya, zimechorwa na mtu mmoja, James Riely Gordon, na ni kweli ni kama mapacha. Lakini kesi ni sehemu tu ya mambo yaliyokuwa yakifanyika mle. Humo ndimo kulikuwa na karani anayetunza hati za mashamba, ndimo unapochukulia leseni ya ndoa, unapolipia kodi ya ardhi, sherifu yumo, na juu kabisa ya yote kuna baraza la kaunti lenyewe, ambalo hapa Texas wanaliita mahakama ya makamishna, wakati halihukumu mtu, linapanga bajeti na barabara. Lina makamishna wanne na mwenyekiti wao anaitwa jaji wa kaunti, na huyo jaji si lazima awe amesomea sheria! Mimi nilipofika nchi hii hilo lilinichukua muda kulimeza.

Sasa kaunti zenyewe. Wewe ukisikia kaunti unawaza zile 47 za Kenya, ambapo Turkana peke yake ni kama nchi. Texas ni kubwa kidogo kuliko Kenya, lakini imekatwa vipande 254, hakuna jimbo lingine Marekani lenye kaunti nyingi hivyo. Ellis ina kilomita za mraba kama 2,460 hivi. Kuna kaunti inaitwa Loving, huko magharibi kwenye mafuta, sensa ya 2020 ilikuta watu 64 kaunti nzima, na mahakama wanayo, iko Mentone, ya 1935. Na kuna Harris, ile ya Houston, ina watu zaidi ya milioni nne na nusu. Sheria inawatazama sawasawa, kila mmoja na karani wake, sherifu wake, jengo lake.

Kwa nini vipande vidogo hivyo? Farasi. Hesabu waliyokuwa wakiipiga watu wa zamani ni kwamba mkulima aweze kutoka kwake asubuhi, afike makao ya kaunti, amalize shida yake, arudi jioni ng'ombe hawajalala njaa. Ndiyo maana katiba ya Texas ya 1876 ilitaka makao ya kaunti yawe karibu na katikati ya kaunti, ndani ya maili 5 kutoka kitovu, na kama yako ndani ya hizo maili 5 basi kuyahamisha kunataka theluthi mbili ya kura. Wakaweka kizuizi kwa sababu watu walikuwa wanagombana kweli. Mji ukipata makao ya kaunti, kila mwenye shamba lazima aje kwako, akija analala hoteli yako, anafunga farasi wake kwako, ananunua chumvi na misumari dukani kwako, mawakili wanafungua ofisi, gazeti linapata matangazo ya serikali. Mji ukiyakosa unaweza ukafa. Kuna mji ulikuwa unaitwa Tascosa, huko Amarillo upande wa magharibi, ulikuwa mji wa makauboi unaovuma, wakajenga mahakama ya mawe 1884, reli ikaja ikapita ng'ambo ya mto, mji ukaanza kunyauka, na 1915 makao yakahamishiwa Vega kwenye reli. Basi ukaisha. Ile mahakama yao baadaye ikageuka makazi ya watoto wa kiume wasio na pa kwenda, sasa ni makumbusho.

Kwa hiyo hapo ndipo jibu la "kwa nini kubwa vile" linapoanzia. Lile jumba ni tangazo. Ni mji unaowaambia majirani, na hasa wenye reli wanaotafuta pa kupitisha njia, kwamba sisi hatuhami, hela tunayo, na yeyote anayefikiria kutunyang'anya makao ya kaunti aje alibebe hili jiwe kwanza.

Na hela zilitoka wapi, manake kuwa na kiburi hakutoshi. Mwaka 1881 bunge la Texas lilizipa kaunti ruhusa ya kukopa kwa bondi ili kujenga mahakama. Kabla ya hapo unajenga kwa ulichonacho, ndiyo maana mahakama nyingi za mwanzo zilikuwa vibanda vya magogo, au nyumba ya mbao inayongoja moto. Na moto ulikuja! Mahakama nyingi ziliungua na hati zote ndani, na hati zikiungua ni vurugu, nani mwenye shamba, mpaka uko wapi, mjane anadai nini. Kwa hiyo bondi zilipofunguliwa, kaunti moja baada ya nyingine zikaingia kwenye mawe na matofali na vyumba vya kutunzia hati visivyoshika moto, kwa miaka kama 20 hivi ilikuwa ni mashindano. La Waxahachie unaloliona wewe ni la nne kwa Ellis, la kwanza lilikuwa la magogo.

Na Ellis wakati ule walikuwa na nguvu ya kukopa. Ni pamba. Ule ukanda wa udongo mweusi unaoshuka kutoka Dallas kuelekea Waco ulikuwa umelimwa pamba mpaka mlangoni, Ellis ikawa moja ya kaunti zinazoongoza kwa pamba Marekani nzima. Uwanja ule wa kuzunguka mahakama ulikuwa unajaa mikokoteni ya marobota msimu wa mavuno. Wewe unaona mji umetulia, maduka ya vitu vya kale na mikahawa ya keki, lakini jengo lile halikujengewa mji uliotulia.

Tuje kwa Gordon, hapa ndipo mimi husahau muda. Huyu bwana alizaliwa Virginia 1863, kwa hiyo anapewa kazi ya Ellis hata miaka 35 hajafika, na tayari amezijenga kadhaa. Mtindo anaotumia, yale matao mazito ya duara, mawe yaliyoachwa na uso wa kukwaruza, minara mifupi minene, ni wa mtu mwingine, Henry Hobson Richardson wa Boston, aliyechora mahakama ya kaunti kule Pittsburgh akafa 1886 kabla haijakamilika, na baada yake nchi nzima ikawa inamuiga. Gordon naye aliiga lakini alitia akili ambayo Richardson hakuihitaji, kwa sababu Pittsburgh si Texas. Wewe unajua Agosti hapa ilivyo, nyuzi 38, 40, na enzi hizo hakuna eisii, mashine ya kupoza hewa.

Fanya hivi siku ukifika. Simama mbali uliangalie umbo lake, utaona ni msalaba, mikono minne imetoka, na zile pembe za ndani ambapo mikono inakutana ndimo walimoweka baraza za kuingilia, zenye nguzo na kivuli. Yani mlango hauko usoni kama ulivyozoea, uko kwenye kona. Upepo ukija unapita kwenye kile kivuli kwanza, unapoa, unaingia ndani. Ndani katikati kuna uwazi unaopanda juu na ngazi zimeuzunguka, na juu ya uwazi huo ndio mnara. Hewa ya moto hupanda yenyewe, inapanda na ule uwazi, inatokea juu mnarani, ikitoka inaivuta ya baridi kutoka chini. Mnara ule wenye saa ni bomba la kutolea joto! Watu wanapiga picha saa, mimi naangalia yale matundu chini ya paa. Na kwa kuwa jengo ni msalaba na si bonge moja, karibu kila ofisi ina madirisha zaidi ya upande mmoja, mwanga na upepo vyote unapata. Aliirudia ramani hiyo kaunti baada ya kaunti, ndiyo maana Waxahachie na Decatur zinafanana vile.

Hadithi ya msichana sasa. Mama wa petroli stesheni kakupa ile ile wanayopewa wageni wote. Inasemwa fundi wa kuchonga mawe, Harry Herley, alikuja akapanga kwenye nyumba moja, akampenda binti wa pale, Mabel Frame, akaanza kuchonga sura yake nzuri kwenye vichwa vya nguzo, binti akamkataa, basi kila alivyozidi kukataliwa sura zikazidi kuharibika mpaka zikawa mashetani. Nenda kaangalie, kweli kuna uso mzuri na kuna uso umetoa meno, macho yametoka, mashavu yamevimba. Tamu sana. Shida ni kwamba waliofuatilia hawakupata ushahidi wake. Kazi ya mawe ilikuwa ya kampuni ya Theodore Beilharz wa Dallas, na kuchonga sura za kutisha kati ya majani ulikuwa mtindo wa kawaida kabisa wa majengo ya aina hii, umetoka kwenye makanisa ya Ulaya ya kale, mafundi walikuwa wanafurahia kuchonga kituko kuliko kuchonga ua la ishirini. Mimi maoni yangu, mtu anayelipwa kwa jiwe hapati nafasi ya kumaliza hasira zake za mapenzi kwenye jengo la serikali, msimamizi yupo, michoro ipo. Ila hutaiua hadithi hiyo, inauza.

Kitu ambacho hakuna mgeni anayehadithiwa, na mimi naona kina thamani zaidi, ni ule udongo. Si nimesema udongo mweusi uliolea pamba? Ni uleule mafundi wa Nairobi wanauita blakikotoni. Mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unapasuka nyufa mkono unaingia. Juu ya udongo huo wameweka mlima wa graniti na jiwe jekundu la mchanga. Jengo la namna hii halikai kimya, linapanda linashuka kidogokidogo kila mwaka, kwa hiyo nyufa lazima. Na hapo ndipo mafundi wa karne ya 20 walipoharibu mahakama nyingi, wakaona ufa wakaleta simenti. Mawe ya zamani yameunganishwa kwa chokaa, chokaa ni laini, jengo likicheza chokaa inapasuka yenyewe kidogo, inapumua unyevu unatoka, jiwe linapona. Ukiziba na simenti, simenti ni ngumu kuliko lile jiwe la mchanga, unyevu unakosa pa kutokea unatokea kwenye uso wa jiwe, na uso unabanduka kama ngozi. Watu wa Mji Mkongwe Zanzibar wanaijua kesi hii vizuri sana, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zilizopigwa plasta ya simenti halafu watu wanashangaa ukuta unatoa jasho. Kwa hiyo ukipita karibu na mahakama yoyote ya zamani, angalia kiungo kati ya jiwe na jiwe. Kama ni cha kijivu kigumu kimejaa mpaka nje na mawe ya pembeni yameliwa, ujue kuna mtu aliokoa hela.

Adui wa pili alikuwa eisii. Ilipoingia, kaunti zikaona ule uwazi wa katikati ni upotevu, unapoza hewa ya bure, basi wakauziba kwa sakafu, dari zikashushwa, ukumbi mkubwa wa mahakama ukakatwa vipande vya ofisi, madirisha yakafungwa. Mahali pengine wakabomoa kabisa wakaweka boksi la zege. Halafu waya za umeme za zamani. Siku ya mwaka mpya 1993, mahakama ya Hill County pale Hillsboro, ya 1890, iliungua, na hapo ndipo watu wengi waliposhtuka. Willie Nelson, mwanamuziki, kazaliwa kaunti hiyohiyo kijiji cha Abbott, akapiga shoo za kuchangisha hela, na 1999 ikafunguliwa tena. Mwaka 1998 shirika la taifa la kuhifadhi majengo liliziweka mahakama za Texas kwenye orodha yake ya mahali 11 palipo hatarini, na 1999, George W. Bush akiwa gavana, jimbo likaanzisha mpango wa kuzikarabati kwa kuzipa kaunti ruzuku, mfuko wa kwanza ulikuwa dola milioni 50. Mpaka leo zaidi ya 70 zimekarabatiwa zima zima. Ya Ellis ilimaliza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Na kwa sheria ya Texas kaunti haiwezi kuamka asubuhi ikabomoa au kuuza mahakama ya kihistoria, lazima iwape taarifa tume ya historia ya jimbo miezi 6 kabla.

Nirudi kwa rafiki yako wa Tanga. Boma la Mjerumani lilijengwa na mgeni, juu ya kilima, ili awaone wenyeji kabla hawajamuona. Hili lilijengwa na wakazi wenyewe, wakakopa wenyewe, wakagombania mchoro wenyewe. Lakini wakazi gani? Hapo rafiki yako ana hoja kuliko anavyojua. Texas ilipitisha kodi ya kichwa kwa wapiga kura 1902, unalipa dola 1.50 mpaka 1.75 ndiyo upige kura, na unailipa kwa mkusanya kodi wa kaunti, yani kwenye majengo haya haya. Mchuma pamba mweusi hela hiyo alikuwa akiitafuta siku nzima na zaidi. Uchaguzi wa ndani wa chama cha Democratic, ambao ndio ulikuwa uchaguzi wenyewe, ulikuwa wa wazungu peke yao mpaka Mahakama Kuu ya nchi ilipoukataza 1944. Pale Waxahachie kwenye basementi wakati wa ukarabati lilifunuliwa neno lililopakwa ukutani juu ya bomba la maji ya kunywa, "Negroes", bomba la weusi. Wakaamua wasilifute. Mwaka 2020 likaingia kwenye habari za nchi nzima, kwa sababu konstebo mweusi aliyechaguliwa na wananchi alihamishiwa ofisi kulekule basementi, jirani na hayo maandishi.

Na Waco, saa moja tu kusini, mahakama ya McLennan ni ya Gordon pia. Mei 1916 kijana mweusi wa miaka 17, Jesse Washington, alihukumiwa mle, baraza la wazee wa mahakama likakaa dakika chache tu, umati ukamkokota kutoka ndani ya chumba cha mahakama ukamchoma moto mbele ya ofisi za jiji, maelfu wakitazama, mpiga picha akageuza kuwa postikadi. Mimi naisimulia hii kwa sababu watu wanaopenda majengo wana tabia ya kuishia kwenye matao. Chumba kile kina madirisha mazuri na hewa safi na ndimo hayo yalipoanzia.

Haya, kuingia. Ni jengo la umma, siku za kazi unaingia bure, pale Waxahachie kesi nyingi zimehamia jengo jipya la karibu kwa hiyo halina msongamano. Kama kuna ukaguzi mlangoni toa funguo na kisu chako cha mfukoni kiache kwenye lori. Ukiingia nenda moja kwa moja katikati, simama chini ya ngazi utazame juu, halafu panda polepole usikilize joto linavyobadilika. Mlango wa ukumbi mkubwa ukiwa wazi chungulia, kukiwa na kikao unaweza kukaa nyuma kimya, kesi nyingi Marekani ni za wazi kwa yeyote. Nje zunguka baraza zote nne usome zile nguzo moja moja, asubuhi ni bora, jua la chini linazichomoa zile sura vizuri zaidi. Na tafadhali usiingize lori la magurudumu kumi na nane kwenye ule uwanja, zile kona zilikatwa kwa ajili ya mikokoteni, utakwama hapo mbele ya sherifu. Liache huko nje kwenye barabara kuu, uje na teksi, na ukiwa na siku moja ya ziada kaione ya Decatur pia, iko juu ya kilima na wala huhitaji ramani.